Simu za Mvua

Kwa miaka sita karani wa safari hakugundua kwamba simu za mvua zilikuwa zikipungua. Zote zilipita mikononi mwake, na yeye ndiye aliyeziandika daftarini kwa kalamu yake mwenyewe. Lakini mpokea simu husikia ile inayolia, na hana namna ya kusikia ile isiyolia. Mwaka wa kwanza zilikuwa arobaini na moja. Mwaka wa sita zilikuwa nne. Kama angeulizwa wakati huo, pengine angejibu kwamba madereva wamekomaa, au kwamba mbingu zimeingiwa na huruma. Hakuulizwa, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Kampuni ilikuwa na malori thelathini na mawili, yote ya tela ndefu, na kila lori lilisafiri na dereva mmoja tu. Ofisi ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya gereji. Mtu aliifikia kwa ngazi ya chuma iliyolia kila ilipokanyagwa, kiasi kwamba karani aliweza kumjua anayepanda kabla mlango haujafunguliwa. Ndani mlikuwa na simu mbili, birika la umeme, ubao mweupe wa safari za siku, na dirisha lililotazama uwanja wa kuegesha. Harufu ya dizeli na mpira wa matairi ilikuwa imezama katika mapazia, tena katika nguo zake, hata mwanawe alikuwa akimwambia kwamba mama akiingia nyumbani ni kama lori limegeuza mlangoni.

Njia kubwa ya kampuni ilishuka kutoka nyanda za juu kwa mteremko wa kilomita kumi na moja, wenye kona kumi na tisa. Siku za mvua ukungu uliulalia mteremko huo kama turubai. Kwa ajili hiyo palitengwa uwanja wa changarawe pale juu, kabla ya kona ya kwanza, na palikuwa na kanuni iliyobandikwa ndani ya mlango wa kila lori: dereva asiyeiona nguzo nyeupe ya tatu kando ya barabara mbele yake aingie uwanjani, azime injini, apige simu ofisini na kusema kwamba amesimama kwa sababu ya hali ya hewa. Karani aandike saa. Dereva asubiri hadi anga ifunguke, na hatalaumiwa na yeyote. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yamepigiwa mstari.

Palikuwa pia na tuzo. Kila mwisho wa mwaka alichaguliwa Dereva Bora, akavishwa koti la rangi ya chungwa lenye kuakisi mwanga, na nyota ya fedha mgongoni. Mgeni angeweza kulicheka koti hilo. Madereva hawakulicheka, kwa kuwa bohari kubwa zote zilikuwa zimekubaliana na kampuni kwamba mwenye nyota apakiwe kwanza. Wenzake walikaa foleni saa tano au sita, wakipiga soga na kulala juu ya usukani. Yeye aliingiza lori moja kwa moja, akafungiwa turubai, akaondoka. Kwa hesabu ya mwaka mzima, koti lilimpa mtu usiku mwingi wa kulala kitandani kwake.

Tuzo ilitolewa kwa fomu, na fomu ilijazwa na karani. Kila dereva alianza mwaka na alama mia. Alipunguziwa kwa kuchelewa, kwa mikwaruzo, kwa kula mafuta kupita kiasi, na kwa kile kilichoitwa vituo visivyopangwa, alama mbili kwa kila kituo. Safu hiyo ya mwisho iliwekwa na karani aliyemtangulia, enzi ambazo madereva fulani walikuwa na tabia ya kupotelea njiani kwa marafiki zao na kuibuka kesho yake na hadithi ya pancha. Safu ya hali ya hewa haikuwapo. Kituo cha mvua kilikuwa kituo, na hakikuwa kimepangwa. Mwezi wake wa kwanza kazini karani alikitazama, akakiingiza pale, na tangu hapo mkono wake ulikuwa ukienda huko wenyewe.

Dereva wake mmoja alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Gerejini walimwita Breki. Jina hilo alilipata kwa kuwa taa zake za nyuma, walivyodai wenzake, zilikuwa nyekundu muda wote. Ukimfuata, walisema, unafika na macho yanauma. Yeye mwenyewe alilipokea jina hilo bila kinyongo. Alikuwa ameendesha miaka kumi na tisa pasipo kumkwaruza hata kuku, na miaka mitano ya kwanza ya karani alikuwa katika theluthi ya mwisho ya orodha. Karani aliliona jambo hilo kuwa kichekesho cha familia. Siku za mapumziko, dada akipakua chakula, alikuwa akimwambia mumewe ale taratibu asije akamaliza wa kwanza akashangaza watu.

Mwaka wa sita mambo yaligeuka. Mvua zilichelewa sana, na Breki akawa amepiga simu mbili tu. Kinara wa siku zote, dereva waliyemwita Mshale, aliyekuwa amevaa nyota mara mbili, alikwaruza tela kwenye lango la bohari. Mwanzoni mwa mwezi wa mwisho ngazi ya chuma ililia kwa hatua nzito zenye kupumzika katikati, na karani akajua ni shemeji.

Aliingia, akavua kofia, akaomba chai kama mtu aliyefika ugenini. Kisha akasimama nyuma ya kiti cha karani na kuitazama fomu.

"Shemeji, nasikia mwaka huu nami ni mtu."

"Unaongoza kwa alama moja," karani akamwambia. "Usijivune. Ni moja."

"Moja inatosha. Sasa nifanyeje isiniponyoke?"

Karani alikuwa na kalamu mdomoni. Akaitoa ili amjibu vizuri, kwa kuwa utani na shemeji yake alikuwa akiupenda. "Mwezi huu usinipigie simu hata moja, koti ni lako. Ukinipigia nitajua unanipenda mimi kuliko nyota."

"Dada yako akikusikia atatufukuza wote wawili," Breki akasema, akacheka, akanywa chai yake akiwa amesimama. Alipofika mlangoni alirudi kuitazama fomu kwa mara nyingine. Hilo karani alilikumbuka baadaye. Wakati ule alikuwa ameshageukia ubao.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi huo mvua ilianza kabla ya mapambazuko, na hadi adhuhuri ilikuwa haijapumua. Uwanja wa kuegesha ulijaa madimbwi yenye rangi za mafuta. Malori manne yalikuwa njiani kuelekea mteremkoni. Karani aliandika neno mvua pembeni mwa ubao, kama alivyoandika siku nyingine zote za mvua, akapanga risiti za mafuta kwa tarehe. Simu haikulia, naye akashukuru kwa utulivu ule, maana risiti zilikuwa nyingi.

Ililia saa tisa na dakika kumi. Aliyepiga alikuwa askari wa barabarani, mwenye sauti ya mtu aliyelowa. Lori la kampuni limelala ubavu katika kona ya kumi na mbili. Mzigo wa mabomba ya plastiki umetapakaa hadi mtaroni. Hakuna gari jingine lililoguswa. Dereva ametolewa akiwa hai, nyonga na paja vimevunjika. Askari akamsomea namba ya lori. Karani aliiandika, ingawa namba hiyo aliijua kwa moyo. Aliandika pia saa. Alimwita meneja. Alimpigia dada yake na kumweleza kwa maneno yaleyale ya askari, kwa mpangilio uleule, na dada alipouliza mara tatu kama yu hai, alijibu mara tatu kwamba yu hai. Halafu akaosha kikombe chake, akakikausha, akakirudisha mahali pake. Alingoja kilio kimjie kama kinavyowajia watu. Hakikuja.

Hali hiyo iliendelea. Alikula, akalala, akafika kazini kwa wakati. Watu walipompa pole aliwashukuru. Ilikuwa kama ule mkono uliolaliwa, ambao mtu huuona uko pale, huuinua kwa mkono mwingine, na asihisi kuwa ni wake.

Siku ya nne alikwenda hospitalini. Wodi ilikuwa ndefu, yenye vitanda kumi upande huu na kumi upande ule, na shemeji alikuwa wa tatu kutoka dirishani, mguu wake umevutwa kwa kamba iliyofungwa uzito wa chuma. Dada alikuwa amekaa kando yake akimkunjia shuka. Walizungumza habari za daktari, za mto usiofaa, za jirani wa kitanda aliyekoroma kama injini ya zamani. Dada alipotoka kwenda kujaza chupa ya maji, Breki aligeuza shingo.

"Nilisimama, shemeji."

Karani hakuelewa.

"Kule juu, uwanjani. Nilikaa dakika ishirini na tano, simu mkononi. Nguzo ya kwanza yenyewe niliiona kwa shida. Halafu nikahesabu alama."

"Mbona hukupiga?"

"Wewe unajua kwa nini."

Akatazama dari. Kisha, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kawaida, akamweleza atakavyosema. Kikao cha uchunguzi kingefanyika baada ya wiki mbili, na afisa usalama angekuja na kinasa sauti hapo kitandani kabla ya siku hiyo. Yeye angesema aliudharau ukungu, basi. Karani asitie neno. Kazi ya karani ni ya mezani na watoto wake bado wanasoma. Aumie mtu mmoja, inatosha.

"Na leseni?" karani akauliza. Alijua, kama alivyojua kila mtu pale kazini, kwamba dereva aliyevunja kanuni ya ukungu kwa dharau huripotiwa kwa barua kwa mamlaka ya leseni, na leseni yake hufutwa.

"Ile kadi nimeibeba tangu dada yako hajanijua," Breki akasema. "Bila ile sijui wataniita nani." Kisha dada akarudi na chupa, na wao wakarudi kwenye habari za mto.

Karani alitakiwa kukiandalia kikao daftari la safari. Ilikuwa kazi ya kunakili tu: simu zilizopokelewa siku ile, saa ngapi, kutoka kwa nani. Siku ile hazikuwapo, kwa hiyo kazi ilikwisha kwa dakika mbili. Hakujua ni kwa nini hakulifunga. Alirudi nyuma mwezi mmoja, kisha mwaka, kisha akayateremsha madaftari yote sita kutoka juu ya kabati na kuhesabu simu za hali ya hewa kwa vijiti vidogo vya kalamu, vitano vitano, kama mtoto wa darasa la kwanza. Arobaini na moja. Thelathini na tatu. Ishirini na nne. Kumi na tano. Tisa. Nne. Kutoka ofisi ya hali ya hewa ya mji, waliyokuwa wakiitegemea kwa taarifa, alipewa vipimo vya miaka hiyo kwa njia ya simu. Isipokuwa mwaka wa mwisho, ambao mvua zake zilichelewa, miaka ililingana kiasi kwamba yule bwana wa vipimo aliuliza kama kuna namba fulani anayoitafuta.

Alishuka uwanjani. Mshale alikuwa chini ya tela yake akikagua mipira ya breki, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Karani alizungumza na miguu hiyo. Aliuliza kama ni kweli kwamba kwa miaka miwili ya nyota zake hakupata kusimama hata mara moja kwa ajili ya ukungu.

Mshale alijivuta nje, akaketi juu ya tairi la akiba, akajifuta mikono kwa tambara lililomchafua zaidi.

"Nasimama, dada. Pakiwa pabaya nasimama. Sipigi tu." Akaligeuza tambara. "Mara nyingine sisimami."

"Lakini kanuni inasema hakuna lawama."

"Kanuni inasema. Fomu inakata mbili." Alimtazama kwa mshangao usio na ubaya. "Kwani wewe ulikuwa hujui? Sisi tulidhani ndivyo mnavyotaka."

Akaongeza kwamba wengine hutafuta vichaka vya kujificha nyuma ya mizani na kuzima simu kabisa, ili wakiulizwa waseme mtandao ulikata, na kwamba Breki karibu peke yake ndiye aliyekuwa akipiga mpaka mwaka huu, nao walikuwa wakimcheka. Alisema hayo bila kushusha sauti. Kwake hayakuwa siri. Karani akamshukuru na kupanda ngazi, na ngazi ikalia kwa hatua zake mwenyewe, ambazo hakuwa amewahi kuzisikiliza.

Kikao kilifanyika asubuhi, katika chumba cha mikutano chenye meza ya kukunjwa. Walikuwapo meneja, afisa usalama na fundi mkuu. Fundi mkuu alieleza kwamba breki za lori zilikuwa nzima. Afisa usalama aliwasikilizisha sauti ya Breki kutoka kitandani: aliuona ukungu, akaudharau, kosa ni lake. Sauti ilikuwa shwari, na nyuma yake jirani wa kitanda alikuwa akikoroma. Meneja, mtu mwenye haraka lakini si mkorofi, alisema ni jambo la kusikitisha, ila liko wazi, na barua ya mamlakani iandikwe leo. Akamwomba karani asome daftari la siku ile ili wamalize.

Karani alisoma kwamba siku ile hapakuwa na simu. Kisha akasoma hesabu za miaka sita. Akaeleza safu ya vituo na alama mbili, na akarudia maneno ya Mshale bila kumtaja aliyeyasema. Sauti yake ilitoka sawasawa, kama ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Alikuwa amehofu kwamba angelia. Sasa alihofu kidogo kwamba hataweza.

Afisa usalama aliinamia karatasi zake. Kanuni alikuwa ameiandika yeye, na fomu hakuwa amewahi kuiona.

"Kwa hiyo unatuambia fomu ndiyo iliyoendesha lori," meneja akasema.

"Hapana. Ninawaambia kwamba mimi nilimwambia asipige. Alikuja ofisini mwanzo wa mwezi akauliza afanyeje asipoteze tuzo. Nikamwambia asinipigie simu hata moja. Nilikuwa nikitania."

Fundi mkuu alivua miwani yake, akaishika. Meneja alimuuliza kama anafahamu anachokisema, na kama yuko tayari kukiandika. Karani alisema amekwisha kukiandika, akasukuma karatasi hadi katikati ya meza. Ilikuwa imepigwa chapa, tarehe iko juu, sahihi iko chini. Waliisoma mmoja mmoja. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, na king'ora chake kililia muda mrefu kuliko kawaida.

Barua ya mamlakani haikuandikwa siku ile. Haikuandikwa kabisa.

Dada alipata habari kwa njia zake. Alikuja jioni ya siku ya pili, hakupiga hodi, akamkuta karani akiosha vyombo. Alivuta kitambaa, akaanza kuvikausha. Walimaliza sahani zote na vikombe vyote.

"Ulimwambia asipige," dada akasema.

"Nilitania."

"Najua ulitania." Aliweka kijiko kimoja katika droo, kisha cha pili. "Yeye alikuwa anataka kulala nyumbani."

Karani akasema ndiyo. Dada akakitundika kitambaa kwenye msumari, akaiangalia sufuria ya mwisho kama imetakata, akaaga. Hakukasirika, au kama alikasirika alikwenda na hasira zake kwake.

Mwaka uliofuata koti la nyota halikutolewa, na bohari sasa hupakia kwa zamu ya kufika. Fomu mpya ina safu ya hali ya hewa isiyokata kitu. Karani alihamishiwa stoo ya matairi, ambako huandika namba ya tairi linaloingia na namba ya tairi linalotoka. Leseni ya shemeji yake haikufutwa; iko mfukoni mwake, ila nyonga haimruhusu kukanyaga klachi, na kampuni imempa kazi ya langoni. Kila asubuhi karani hupita mbele yake. Breki humwamkia vizuri, humuuliza watoto hawajambo, humfungulia mlango mdogo. Hawataniani tena.